Mjomba Anasikia

Kama kuna mtu amewahi kufa mara nyingi kuliko mimi, ajitokeze tushindane. Nimekufa kwa kukosa hewa, nimekufa kwa kuunguzwa na mvuke, nimeliwa nikiwa nimejificha kabatini, na kuna siku nililiwa kwa sababu tu nilipiga chafya. Ndiyo kazi yangu. Najaribu gemu kabla hazijauzwa, natafuta palipoharibika, nasema, halafu aliyeitengeneza ananuna. Huyu wa safari hii alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, na kununa kwake nilishakuzoea.

Gemu yenyewe inahusu chombo cha angani kilichokwama katikati ya nyota, mbali na kila mtu. Taa zimezimika, wafanyakazi wamekufa wote isipokuwa mwanamke mmoja, fundi wa mabomba, na mle ndani kuna dude linatembea. Dude halina macho, linasikia tu. Kwenye makaratasi ya shemeji lina jina refu la kisomi, lakini sisi ofisini tulilibatiza Mjomba, maana linakuja bila taarifa na likishafika haliondoki.

Sasa sikiliza ubunifu wa huyo bwana. Mjomba hasikii nyayo za yule fundi peke yake. Anakusikia na wewe uliyekaa kwenye kiti. Juu ya skrini kuna maikrofoni ndogo, ukikohoa hapo ulipo, kule angani Mjomba anageuza kichwa. Ukiongea, anakuja. Mara ya kwanza nilipoicheza nilijikuta nimejiziba mdomo kwa kiganja, mtu mzima na akili zangu, asubuhi kweupe, jua linawaka dirishani. Nimecheza gemu za kutisha nyingi na nyingi zimenichekesha. Hii ilinitoa jasho, na hapo nampa shemeji haki yake yote.

Lakini kuna suala la kusevu. Kusevu ni kuhifadhi pale ulipofika, ili ukifa uanzie hapo na si nyuma kabisa. Gemu za watu wenye huruma zinasevu zenyewe kila baada ya muda mfupi. Ya shemeji ina vituo vyake maalumu, vitaa vya kijani ukutani, na amevitawanya kama mtu anayegawa nyama kwa ubahili. Kutoka kituo cha jikoni hadi kituo cha chumba cha injini ni safari ya saa nzima, gizani, unanyata. Ukifa hatua chache kabla ya kufika, unarudi jikoni. Halafu tochi inakula betri kama mtoto anavyokula sukari, ramani haifunguki mpaka usimame, na ukisimama Mjomba huyo.

"Shemeji, weka kituo hapo katikati," nilimwambia hadi koo likanikauka. "Watu wana maisha yao."

"Mtu asipokuwa na cha kupoteza, ataogopa nini?"

"Hataogopa, atakasirika. Atazima, atakwenda kulala."

"Basi huyo hakuwa mchezaji," anasema, na ameshageukia kompyuta yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha juu kabisa kwenye jengo la ghorofa, na kwa ajili ya ile maikrofoni tuliishi humo kama wezi. Kuta tulizifunika magodoro makuukuu ili kelele za barabarani zisiingie. Sakafu ya mbao ilikuwa inalia, kwa hiyo viatu vilibaki nje kwenye korido, na kila mmoja wetu alijua mbao zipi za kukanyaga na zipi za kuruka. Simu zilitiwa kwenye ndoo ya plastiki nje ya mlango. Hata fundi cherehani wa chini tulikuwa na makubaliano naye azime mashine yake tukimwomba, kwa sababu siku alipokuwa anashona mapazia mazito Mjomba alituua asubuhi nzima.

Siku ninayoisema, tulikuwa na mgeni. Alikuwa mkuu wa uteuzi katika kampuni ya kusambaza gemu, na alikuwa anakuja kuicheza ya kwetu kwa mkono wake, kutoka kituo cha jikoni hadi chumba cha injini, kipande kigumu kuliko vyote. Akiridhika, wanaichukua. Na katika kazi yetu kuna sheria moja isiyovunjwa: mtu akicheza, aliyetengeneza anafunga mdomo. Humwambii pita huku, humwambii angalia kule. Ukimsaidia hata kwa neno moja, hujajaribu kitu, umemchezea wewe.

Mdogo wangu alifika mapema, amebeba chupa ya chai. Ni mfupi kuliko mimi, mpole kuliko mimi, na hakuna asiyetuambia hivyo. Alinivuta kwenye kona ya korido tunapooshea vikombe.

"Dada, unaonaje? Wataichukua?"

"Wakimvumilia na vituo vyake, wataichukua. Ni gemu nzuri, sitakudanganya."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali. "Wakiichukua wanataka na sehemu ya pili. Miaka mingine miwili hivi, labda mitatu."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa anafunga. Anarudi kufundisha chuoni, jioni anarudi nyumbani kama waume za watu. Ameniapia, dada, nikamwambia aape tena, akaapa." Alikuwa anafuta kikombe ambacho kilikuwa kimeshafutwa. "Mungu anisamehe. Nimeomba waikatae."

Nilikuwa nimeitumikia gemu ile kwa jasho langu na nilitaka ichukuliwe, lakini damu ni damu. Mdogo wangu alikuwa mjane mwenye mume. Mwaka uliopita mimba yake ilitoka, mimba iliyokuwa imeshaanza kucheza tumboni. Mimi nilikuwa safarini. Alitoka hospitali peke yake, akajifungia chumbani peke yake, akalia mpaka jioni. Mumewe alifika usiku akasema alikuwa ofisini kutwa nzima, simu iko kwenye ndoo, hakupata habari. Niliporudi nilitaka kumtafuna mbichi. Mdogo wangu ndiye aliyenizuia. "Alikuwa kazini, dada, hakujua," akasema, na hilo neno amelisema kwangu tena na tena mwaka mzima.

"Basi usiingie mle ndani," nikamwambia. "Kaa huku nje, unywe chai yako."

"Ameniomba nikae karibu naye. Hajaniomba kitu siku nyingi."

Na kweli, alikuwa na sehemu yake katika kazi ile. Pumzi za yule fundi wa mabomba ni zake. Shemeji alimpandisha na kumshusha ngazi za jengo huku amembandika maikrofoni kifuani, akamrekodi akihema, akikohoa, akishtuka. Lakini gemu yenyewe hakuwahi kuiona ikichezwa. Hapendi giza. Hata filamu ya vita hatazami, anasema ya dunia yanamtosha.

Mgeni alifika akiwa na mto wake wa kukalia kwapani. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na alivua viatu kabla hajaambiwa. Shemeji alimkaribisha kwa maneno mengi mno. Yule mama akamsikiliza, akatabasamu, akasema, "Niachie mimi, baba," akauweka mto kitini na kuichukua padi ya kuchezea. Sisi watatu tukakaa nyuma yake kwenye benchi, shemeji katikati, mdogo wangu upande wa mlango. Nilimpigia fundi cherehani mbinja ya makubaliano kupitia ngazi, mashine ikanyamaza, nikafunga mlango. Kuanzia hapo hakuna aliyesema.

Alikuwa mzuri, yule mama. Nimeona vijana wanaojisifu wakiliwa kabla ya kutoka jikoni. Yeye alinyata, akasimama, akasikiliza. Mvuke ulipolipuka kwenye bomba la kwanza ulimuua, lakini hapo hakuwa amepoteza kitu, akarudi jikoni na mara ya pili akapita kwa kuinama. Kwenye spika pumzi za mdogo wangu zilijaa chumbani, haraka, zinakatika, na mdogo wangu mwenyewe amekaa pale amekunja mikono mapajani anajisikiliza.

Mjomba alipita mara ya kwanza kwenye korido ndefu. Huwezi kumwona vizuri, hilo shemeji alilipatia. Unaona tu giza linasogea ndani ya giza, na kucha zinagusa chuma, polepole, kama mtu mwenye nafasi. Mgeni aliacha kuhema. Sote tuliacha kuhema. Jasho lilinitiririka mgongoni nami gemu hii naijua kona kwa kona. Mjomba akasimama. Akageuza kichwa upande wetu, upande wa benchi, nami nikasikia kitu ambacho nilidhani ni mbao. Ilikuwa koo la mdogo wangu.

Chai ilikuwa imempalia, au vumbi la magodoro, sijui. Kikohozi kilikuwa kinampanda. Uso ulimbadilika rangi, machozi yakamtoka, mabega yakaanza kumruka. Nilimtazama nikaelewa kwamba pale pale, kwa kukohoa mara moja tu, angempata tena mumewe. Mgeni angekufa, angechoka, angesema asante na kwaheri. Wala hakuna ambaye angemlaumu, kikohozi ni cha Mungu. Akajiminya pua, akajiuma kiganja, akakimeza. Alikimeza chote mpaka mwisho, mtu yule yule aliyekuwa ameomba ikataliwe. Mjomba akaondoka.

Mgeni akaendelea. Tochi ikamwishia betri mahali pabaya, akapapasa ukuta. Akapotea, akazunguka stoo ya mitungi akatokea pale pale alipoingilia, akazunguka tena. Nilimsikia akisonya, kidogo tu, na shemeji akajikunja kama aliyepigwa. Ilikuwa imepita karibu saa nzima tangu jikoni. Kila hatua aliyoipiga sasa ilikuwa na saa nzima nyuma yake, na shemeji alikuwa amesema kweli kwa jambo moja: hofu ya aina hiyo hakuna gemu nyingine inayokupa. Mimi nilikuwa natamani kumwambia kushoto, mama, kushoto, na ulimi niliubana kwa meno. Mwishowe akaupata mlango wenyewe akaingia kwenye chumba cha kulala cha wafanyakazi.

Hapo nieleze. Ni chumba cha mtu aliyekwisha kufa. Ukiingia, kinasa sauti kilichoko mezani kinajiwasha chenyewe, na mwanamke analia. Huwezi kukizima. Kilio kinamwita Mjomba, kwa hiyo unaingia chini ya kitanda na kukaa kimya wakati yeye anakuja kusimama mlangoni na kusikiliza. Kilio kikiisha anaingia hadi mezani, anageuka mgongo, na wewe una nafasi ya kutoka na kukimbilia kituo cha chumba cha injini, ambacho taa yake ya kijani inaonekana mwisho wa korido. Katika gemu nzima hakuna kinachokishinda kile kilio. Sijui nimekisikia mara ngapi, na kila mara kimenishika hapa kifuani. Nilimwambia shemeji, hapa umepata mwigizaji wa kweli, umemtoa wapi? Akasema, "Nimempata," akaendelea na kazi.

Kinasa sauti kikawaka. Mgeni akaingia chini ya kitanda. Yule mwanamke akaanza kulia, si kwa sauti kubwa, kulia kwa mtu ambaye ameshalia tangu asubuhi na hana tena nguvu ya kulia ila hajui namna ya kuacha. Nyuma ya kilio kulikuwa na kitu kinagonga, tak, kimya, tak, ambacho siku zote nilidhani ni mtambo wa chombo.

Nilimtazama mdogo wangu nikijua atakuwa ameogopa. Hakuwa ameogopa. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza kama mtu aliyeitwa jina na hana hakika. Kisha midomo ikamwachana.

Ndipo na mimi nikasikia. Ile tak haikuwa mtambo. Ilikuwa feni ya chumbani kwao, ile yenye panga moja lililopinda, linalogonga kila likizunguka. Nimelala chumba kile nikienda kumwuguza, nimelala chini ya feni ile usiku kucha nikiitukana, halafu nimekaa ofisini mwezi baada ya mwezi naisikia kwenye spika na akili yangu haikunena kitu. Mwanamke aliyekuwa analia kwenye gemu hakuwa mwigizaji. Alikuwa mdogo wangu, siku aliyotoka hospitali.

Kwa hiyo mumewe alikuwepo. Alirudi nyumbani mchana ule, akapanda hadi mlango wa chumba chao, akamsikia mkewe analia upande wa pili. Hakubisha hodi. Alichokuwa nacho mfukoni kila aendapo ni kinasa sauti chake, na akakitoa. Alisimama pale kwa muda wote wa kilio, kisha akashuka polepole akarudi ofisini, na usiku akaja kusema hakupata habari.

Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Mdogo wangu alikuwa amemgeukia. Hakuwa na hasira usoni, laiti angekuwa nayo. Alikuwa anamuuliza. Anamtazama tu, macho yamemtoka, anamuuliza kama ni kweli. Na shemeji alijua anachoulizwa, maana jasho lilimtoka ghafla juu ya mdomo. Kwenye skrini Mjomba alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni mwa chumba, kichwa kimeinama. Mgeni chini ya kitanda haoni kitu isipokuwa zile kucha.

Mdogo wangu akafungua mdomo aseme.

Shemeji akainua kidole akakiweka kwenye midomo yake.

Sitakisahau kile kidole mpaka naingia kaburini. Hakikuwa na ubaya, ndicho kilichoniuma. Kilikuwa kinamsihi. Kidogo tu, mke wangu, kidogo tu tumalize. Mdogo wangu alikitazama, akafunga mdomo. Kisha akasimama, na alisimama kama tulivyojifunza sote, uzito pembeni mwa nyayo, akashika ukingo wa ukuta ambako mbao hazilii. Akafungua mlango bila kitasa kutoa sauti, akatoka, akaurudisha polepole mpaka ukagusana na fremu. Hakugonga kitu. Mjomba hakugeuka hata kidogo.

Shemeji alibaki ameutazama mlango kwa muda wa pumzi moja, halafu macho yakarudi kwenye skrini.

Kilio kilikuwa kimeisha. Mjomba akaingia chumbani hadi mezani, akageuka mgongo. Mgeni akatoka chini ya kitanda, taratibu, taratibu mno, akapita nyuma yake akaingia koridoni. Ile taa ya kijani ilikuwa mbele yake. Alikuwa amebakiza hatua za kuhesabika na saa nzima ya kazi yake iokoke, na gemu ya shemeji iokoke nayo, na jasho langu humo humo. Nilikuwa najua yote hayo. Nimeishikilia sheria ile kuliko mtu yeyote na nimewafokea wengine kwa kuivunja.

Nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida ya kuongelea, "Shemeji, mfuate mkeo."

Mjomba akageuka. Yule mama hakuwahi hata kukimbia. Giza lilimjia lote kwa pamoja, spika zikanguruma, padi ikamtoka mikononi ikaanguka kwenye mbao. Skrini ikawa nyeusi. Likatokea lile neno moja la shemeji, la herufi ndogo: *umesikika*. Kisha jikoni tena, sufuria zinaning'inia, tochi ina betri imejaa.

"Haya," nikamwambia. "Ameshakufa. Sasa hakuna wa kumwogopa, unaweza kuongea, unaweza hata kupiga kelele. Mfuate."

Hakunitazama. Alikuwa analitazama lile jiko. "Umeniua, shemeji," akasema.

Mgeni alikuwa amevua miwani, ameshika kifua. Akanitazama mimi, akatazama nafasi tupu kwenye benchi. "Kuna tatizo, baba?" akamuuliza shemeji, na alimuuliza vizuri, kama mtu aliye tayari kusubiri.

Nami nikangoja. Nilimngoja kwa moyo wote, kwa kuwa mpaka hapo bado nilikuwa nampenda, huyu mjinga mwenye kipaji. Mlango ulikuwa nyuma yake na ngazi si ndefu. Angesema tu, samahani mama, dakika moja.

"Hapana mama, hitilafu ndogo ya kwetu," akasema. Alikuwa ameshainama kuiokota padi. "Tukuanzishie tena?"

Nilitoka nikiukanyaga kila ubao unaolia.

Mdogo wangu nilimkuta chini, amekaa kwenye ngazi ya mwisho karibu na mlango wa fundi cherehani, viatu amevipakata. Nikakaa kando yake.

"Amefika?" akaniuliza.

"Nani?"

"Yule mama. Alifika kwenye taa?"

"Hakufika."

Akashtuka. "Mimi nilitoka polepole, dada. Sikugusa kitu."

"Siyo wewe. Ni mimi, niliongea."

"Jamani, dada. Si alikuwa amebakiza kidogo tu." Aliniangalia kama nimemvunjia chombo chake. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Ulisema nini?"

"Nilimwambia akufuate."

Akasogea ukutani, akaacha nafasi kwenye ngazi ya mtu wa tatu, na macho akayapandisha juu kule ngazi zinakokunja. "Basi tumngoje kidogo," akasema.

Tukamngoja. Watu wa ofisi za chini walipita kwenda kula, tukawapisha magoti, wakapita kurudi, tukawapisha tena. Fundi cherehani akachungulia, futi kaning'iniza shingoni, akauliza kama tumemaliza awashe mashine, maana ana nguo za watu. Nilifungua mdomo nimwambie awashe zote alizo nazo. Mdogo wangu akaniwahi. "Bado wanacheza, baba. Tuvumilie kidogo tu," akamwambia kwa adabu zake zote, na yule mzee akarudi ndani.

"Nilifikiri hakuwepo," mdogo wangu akasema baadaye, hamwambii mtu. "Mwaka mzima nimemsamehe kwa kutokuwepo."

Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi.

Jua lilikuwa limehama upande mwingine wa mlango tuliposikia hatua zinashuka. Mdogo wangu akasimama haraka, akajifuta uso, akanyoosha gauni. Hatua zikakunja kona, na alikuwa mgeni, mto wake kwapani.

"Kumbe mko hapa," akasema. Alionekana amechoka na amefurahi. "Nimefika safari hii. Tunaichukua. Ni kazi kubwa, lazima niseme, imenitoa roho. Ila nimempa sharti: kabla ya kile chumba cha kilio aweke kituo. Saa nzima ni kuwaonea watu. Nilidhani atabisha, nimeambiwa ni mbishi, lakini amekubali hapo hapo. Hata kunisindikiza hakunisindikiza, ameshakaa kwenye kompyuta anakiweka."

"Na kile kilio?" mdogo wangu akauliza.

"Ah, hicho nimemwambia asikiguse. Amesema hatakigusa." Akavaa miwani, akamtazama mdogo wangu vizuri zaidi. "Ni nani yule aliyelia? Nilimuuliza, hakunijibu."

"Simjui," mdogo wangu akasema.

Yule mama akatuaga, akatoka. Mdogo wangu akakaa tena kwenye ngazi, akavaa viatu, kimoja kwanza, akafunga mkanda wake, kisha kingine. Hakutazama tena juu.

"Dada," akasema, "watoto wako wanaweza kubanana chumba kimoja nikija kwako?"

"Watabanana," nikamwambia.